Anayepima modeli kwa venia hatafuti ugomvi

Ninapanga rafu ya modeli za magari ya Safari Rally. Datsun 1600 SSS, ile aliyoshindia Edgar Herrmann mwaka 1970, imeshaunganishwa na kupakwa rangi. Jirani yake nataka iwe Volkswagen Beetle, kumbukumbu ya gari la Tommy Fjastad lililoshinda mwaka 1962. Beetle halisi ina milimita 2,400 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Datsun ina 2,420. Ukiziegesha sambamba barabarani, tofauti yake ni sentimita 2, unene wa kidole gumba.

Sasa chukua modeli ya Beetle ya skeli ya 1/25, yaani iliyopunguzwa mara 25 kuliko gari halisi, uiweke kando ya Datsun ya 1/24. Ya kwanza itasoma milimita 96, ya pili karibu 101. Ukirudisha pengo hilo kwenye magari halisi, sentimita 2 zimegeuka karibu 12. Magari mawili yaliyokaribia kulingana yamekuwa kaka na mdogo wake.

Kila mjenzi wa modeli anapoleta vipimo vya namna hii, alivyovichukua kwa venia, kile kifaa cha kubana na kusoma milimita, jibu huwa lile lile: 1/24 na 1/25 ni mamoja, acha kuharibu starehe za watu. Kwa urefu, kweli tofauti ni kama asilimia 4 tu. Lakini gari halikai kabatini kama mstari. Lina urefu, upana na kimo, na ile asilimia 4 inajizidisha mara tatu. Magari mawili ya umbo moja yakichongwa kwa mti ule ule, hili la 1/25 likiwa na kilo moja, lile la 1/24 litakuwa na kilo moja na gramu 130. Asilimia 13 ya ujazo! Hicho ndicho jicho linachokiona, hata kama mwenye jicho hajui aseme nini. Anasimama mbele ya kabati na kusema tu kwamba hili gari limekaa kinyonge. Yule mwenye venia mkononi amempa sababu, naye ndiye anayelaumiwa.

Skeli ya 1/25 ikiandikwa 1/25 haina kosa lolote. Wamarekani wameijenga tangu enzi za vigari vya plastiki ambavyo wauza magari waliwapa wateja, na ina heshima yake. Shida ni namba ya kwenye boksi inapokuwa haikuzaliwa na gari. Vigari vidogo vya Matchbox vilikatwa vienee kwenye kiboksi chake, basi la abiria na gari dogo vikatoka na urefu unaokaribiana. Hata 1/35, skeli inayoheshimika sana kwa vifaru, ilianzia kwenye modeli ya kifaru cha Panther ya kampuni ya Tamiya ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo ukubwa wake uliamuliwa na mota na betri zilizotakiwa kuingia ndani. Namba ilipatikana baadaye, kwa kupiga hesabu.

Wanaopinga kupima wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni plastiki yenyewe. Ukuta wa bodi wenye unene wa milimita 1, kwa skeli ya 1/24, ni sawa na bati la milimita 24. Bati la gari halisi kwa kawaida halifiki hata milimita 1. Likifuata skeli kikamilifu litakuwa jembamba kuliko karatasi. Kwa hiyo hakuna modeli iliyo kweli kila mahali, na mchongaji lazima aamue wapi akubali kupunja ili gari lifanane na lenyewe. Vilevile gari la barabarani tunalitazama tukiwa kando yake, la kabatini tunalitazama kutoka juu. Mchongaji anayerekebisha paa kidogo kwa sababu hiyo hajamdanganya mtu.

Na anayepima naye anaweza kukosea. Beetle za mwanzo wa miaka ya 1960 zina urefu wa takriban milimita 4,070. Bampa zilipobadilishwa kwa magari ya toleo la mwaka 1968, urefu ukapungua karibu sentimita 4. Matoleo ya Beetle yaitwayo 1302 na 1303 yaliongezwa sentimita 2 kati ya magurudumu. Mtu akichukua vipimo vya gari la mwaka mwingine, atailaumu modeli isiyo na hatia.

Ndiyo maana anayejua kazi haanzi na urefu wa jumla. Anaanza na umbali wa magurudumu, kwa kuwa bampa haliugusi. Halafu anapima upana, kimo, na urefu baada ya kuhakikisha bampa ni za mwaka gani. Kila kipimo cha gari halisi anakigawa kwa kile cha modeli. Hapa ndipo watu wanapomwelewa vibaya: hatafuti 24 kwa udi na uvumba. Majibu yote yakitoka 25, umbo ni sahihi na boksi ndilo limeandikwa vibaya. Gari hilo ni zuri, lipewe tu jirani wa saizi yake. Majibu yakipingana, bodi yenyewe imepotoka, na hilo halifichwi na rangi wala stika.

Beetle yangu ni ya zamani, imeandikwa 1/24. Bodi niliishikiza kwa tepu, bila gundi, nikapima. Magurudumu: milimita 100 kamili, kama inavyotakiwa. Urefu: 169, karibu sawa kabisa. Nikabana venia kwenye madigadi ya nyuma, mahali gari linapotanuka kuliko kwingine, ikasoma 68. Ilipaswa kuwa 64. Kwa urefu ni 1/24, kwa upana ni kama 1/22.6, hizo milimita 4 ni zaidi ya sentimita 9 kwenye gari halisi. Niliigeuza, nikaona chini ya sakafu chumba cha betri na sehemu ya mota. Tangu hapo kila ninapoitazama kutoka mbele, boneti imelala bapa na kioo kimetanuka kama uso uliovimba. Kabla ya kupima nilidhani ni mimi nisiyejua kuunganisha paa.

Kampuni zingeweza kumaliza nusu ya ubishi huu kwa mstari mmoja ubavuni mwa boksi: mwaka wa gari lililopimwa, na milimita kati ya magurudumu yake. Vipimo hivyo wanavyo tangu siku ya kwanza ya kuchora.

Vipande vya Beetle nimevirudisha kwenye boksi lake, na juu ya kifuniko nimeandika kwa penseli 24, 24, 22.6. Pembeni ya Datsun, nafasi bado iko wazi.