Jamani, kii ya wimbo inaanzia kooni

Juzi kwenye mazoezi ya kwaya, huku kwetu Busia upande wa Uganda, tumeletewa wimbo mpya, juu kwenye kona ya karatasi imeandikwa "Do ni D" (hiyo ndiyo kii, noti ambayo do inakaa), na mstari wa pili tu soprano, akina mama wa sauti ya juu, wanatakiwa wapande hadi so ya juu. Yaani A ile inayokaa kwenye kamstari ka nyongeza juu ya mistari mitano. Na neno lililowekwa hapo ni Mungu! Irabu zote mbili ni u, mdomo umebana, na mama aliyeshinda sokoni tangu asubuhi akiita wateja ndiye anaambiwa aishike hiyo noti mapigo manne. Nikauliza, mwalimu, kwa nini D? Akasema kwenye D vidole vyake vinakaa vizuri.

Jibu hilo limeniuma mpaka leo.

Wengi wetu tunatunga kwa do re mi, na kwa sababu do unaiweka popote na wimbo unabaki uleule, watu wanaona kii ni kitu cha kujaza mwishoni, kama tarehe. Sio hivyo. Habari za kwamba D ni kii ya furaha na E flati (E iliyoshushwa nusu toni) ni ya huzuni mimi siziamini, kwenye kinanda cha leo nusu toni zote 12 zina umbali sawa (Wazungu wa zamani waliosema hayo vinanda vyao vilituniwa tofauti, labda wao walisikia kitu). Kinachobadilika ni kimo, na kimo ndicho kinachokutana na koo la mtu.

Chukua huo wimbo wetu. Soprano wanaumia, basi mtu anasema tuushushe, do iwe A, ile so ya juu inakuwa E, raha. Lakini besi, wanaume wa sauti ya chini, nao walikuwa na so yao ya chini kule mwisho, na hiyo sasa imekuwa E ya chini kabisa, kwenye kamstari ka nyongeza chini ya mistari yao, na wanaume wetu wengi ni baritoni, sauti yao ni ya kati, hapo hawatoi sauti, wanatoa pumzi. Ndiyo maana mimi nilisema B flati: soprano wanapata F, besi wanapata F, pande zote mbili zinabanwa kidogo lakini hakuna anayekufa. Halafu pale juu toa Mungu weka Bwana, mkazo ni uleule, na ile "Bwa" inafungua mdomo wenyewe.

Na msiniambie haya ni mambo ya kigeni. Amadinda, marimba ya Waganda, ina vibao 12, na hatua zake tano za oktava zinakaribia kulingana. Wapigaji wawili wanakabiliana, kila mmoja anaingiza noti zake katikati ya za mwenzake, na wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa: anasikiliza noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, anazirudia huku juu, oktava mbili zaidi. Sasa uhamishe wimbo huohuo kibao kimoja, huko kuhamisha ndiko Waganda wanakoita miko, noti zinazoangukia kule chini zinakuwa nyingine na omukoonezi anajikuta anapiga kitu kipya kabisa! Wazee hao walijua kwamba ukihamisha wimbo, mambo yanabadilika pale chombo kinapoishia. Kwaya nayo ina pale inapoishia, juu na chini.

Haya, nakubali kuna vyombo visivyobembelezeka. Adungu, kile kinubi, ukishaitunia F huwezi kuanza kukaza nyuzi katikati ya misa, gitaa linapenda E na A kwa ajili ya nyuzi zake tupu, tarumbeta za bendi zinataka kii zenye flati. Hapo mtunzi apime. Lakini kinanda kina kitufe cha transpozi, cha kuhamisha kii, jamani! Bonyeza, cheza vidole vyako vya D, watu waimbe B flati.

Halafu kii ijaribiwe asubuhi. Mazoezi yetu ni jioni, koo limeshafunguka, kila noti inafikika, ila misa ya kwanza ni saa moja na sauti bado nzito, F iliyokuwa rahisi jana inakuwa mlima. Mimi nikitunga, mke wangu anaimba mstari wa juu na mimi wa besi, kabla ya chai, na kama kuna mahali panakwaruza tunashusha nusu toni, tunaandika kii hiyo kwenye karatasi ya katibu, na mpiga kinanda akikuta flati nne na transpozi imeharibika nitakaa naye mpaka azizoee.