Diski ina mengi kuliko tamasha lenyewe

Mwandishi, umeandika kwamba DVD ya tamasha la Queen, bendi ya roki ya Uingereza, uwanjani Wembley jijini London haina haja tena kwa sababu kila kitu kipo intaneti. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Kanda ya video iliyotoka 1990 ilikatwa nyimbo kadhaa. Diski ya 2003 ndiyo iliyotupa usiku mzima wa Jumamosi, 12 Julai 1986. Tena diski ya pili, ambayo wengi hawaigusi, ina mazoezi ya bendi, vipande vya tamasha la Ijumaa, usiku uliotangulia, na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor wakisimulia wenyewe. Kuna hata sehemu ya kuiaga minara ya Wembley ya zamani, iliyobomolewa kupisha uwanja mpya. Hayo huyapati kwa vipande vya dakika tatu tatu kwenye simu.

Mimi ni wa Unguja. Kila nikimwona Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mtoto aliyezaliwa hapa kwetu 1946, akiwaitikisha watu zaidi ya 70,000 kwa sauti yake tu, mwili unanisisimka. Na pale anapokanusha uvumi kwamba bendi inavunjika, akisema watakuwa pamoja hadi kufa, huwa nasimamisha picha kidogo. Haukupita hata mwezi, tarehe 9 Agosti kule Knebworth, Uingereza, akafanya tamasha na wenzake kwa mara ya mwisho.

Tafadhali, itazame yote, uanze na diski ya pili.