Dubu wa bure: kwanini druidi anagombanisha meza

Jumamosi iliyopita tumegombana tena kwenye meza yetu hapa Mwanga, Kigoma, na safari hii sio kuhusu nani kamaliza mgebuka, ni kuhusu dubu. Tunacheza Dungeons & Dragons, watu watano na gemu masta, kibarazani, umeme ukikata tunawasha tochi za simu na mchezo unaendelea. Kwa ambaye hajawahi kucheza, kila mtu ana mhusika wake, gemu masta anasimulia dunia na kuwachezesha maadui, halafu dadu ndo zinaamua kama panga lako limempata mtu au limekata hewa. Druidi ni mtu wa porini, anarusha uchawi na pia anajigeuza mnyama. Hapo kwenye kujigeuza ndo penye kesi, na hiyo kesi ina zaidi ya miaka ishirini, hatukuianzisha sisi.

Hesabu yenyewe iko hivi, kwa kitabu cha sheria cha 2014, ndo tunachotumia. Druidi wa Mwezi, yaani yule aliyebobea kwenye kujigeuza, akiwa levo ya 2 anaruhusiwa kuwa dubu wa kahawia, na yule dubu ana pointi 34 za uhai. Mwenyewe ana kama 17. Dubu akipigwa mpaka aishe, druidi harudi akiwa hoi, anarudi na zake 17 kama alivyoziacha, labda lile pigo la mwisho liwe limezidi ndo linamgusa kidogo. Na anajigeuza mara mbili kabla ya kupumzika. 34 na 34 na 17, hizo ni 85! Fighta wetu, jamaa ambaye kazi yake yote mezani ni kusimama mbele apigwe ili wengine wapone, ana 22. Kuna kale kauwezo kake ka kuvuta pumzi akarudisha chache, sawa, ila hata ukiongeza hizo bado unacheka. Halafu kikundi kikipumzika saa moja tu ya kwenye hadithi, dubu wote wawili wanarudi upya kama hawajawahi kufa.

Kwahiyo fighta alipomuuliza anayecheza druidi "dada, hivi dubu umemuona wapi?" hakuwa anatania. Sheria inasema unajigeuza mnyama uliyewahi kumuona, na dunia yetu gemu masta kaiweka kando ya ziwa refu ambalo anaapa sio Tanganyika, ila lina dagaa na lina boti za abiria zinazojaa mpaka maji yanakaribia ukingo. Sokwe sawa, mtu anapanda boti Kibirizi anafika Gombe anawaona. Mamba sawa. Dubu?? Gemu masta akamuokoa, akasema ulipita msafara wa wafanyabiashara wakiwa na dubu kwenye kizimba. Uongo mtupu, ila ndo kazi yake. Na kinachouma ni kwamba mamba, mnyama ambaye mtoto yeyote wa huku angemtaka kwanza, kitabu kinamkatalia mpaka levo ya 4 kwa sababu anaogelea, na hata akimpata ana uhai 19 tu.

Sasa wanaotetea druidi wanasema nini? Hoja yao ya kwanza naikubali nusu. Wanasema huu sio mpira, hatushindani sisi kwa sisi, wote tupo upande mmoja, mwenzako akiwa na nguvu si ndo unapona? Na kwamba mchawi akifika levo za juu anafanya mambo ambayo dubu hayaoti hata usingizini, na dubu mwenyewe ikifika levo ya 5 hivi maadui wameshakua na anachakaa haraka, mbona hamsemi. Ni kweli. Ila mimi nimeshaona sura ya mtu anayekaa masaa manne mezani akisubiri zamu ya kufanya kile kitu kimoja alichokichagua, halafu mwingine anakifanya vizuri zaidi yake huku ana uchawi wake wote mfukoni haujaguswa. Huyo mtu hakasiriki, anaanza kuchati tu kwenye simu, na wiki mbili baadae anakwambia ana udhuru.

Hoja ya pili ndo nzito kwangu: ukimkata druidi unakata raha. Mtu amechagua druidi ili awe paka apite dirishani, awe buibui ajifiche darini asikilize maneno ya wakubwa. Kila mara waandishi wa mchezo wakijaribu kumpunguza, hiki ndo kinachopotea kwanza.

Angalia walivyohangaika. Toleo la 2003, lile wazee wa mchezo wanaliita tatu na nusu, druidi akijigeuza alikuwa anachukua nguvu za mnyama zinafuta za kwake, kwahiyo unatengeneza mtu dhaifu mwenye nguvu 8, hekima juu kabisa, ukifika levo ya 8 unakuwa dubu mwenye nguvu 27 na ule udhaifu hakuna anayeukumbuka tena. Juu ya hapo kulikuwa na kipaji, kuanzia levo ya 6, cha kurusha uchawi ukiwa bado mnyama. Na ana mnyama mwingine wa pembeni anapigana naye bure. Mshika mbili moja humponyoka tumeambiwa tangu shule ya msingi, huyu alishika tatu na hakuna iliyomponyoka.

2006 kikatoka kitabu cha Player's Handbook II kina druidi mbadala. Unaachia ule ugeuzaji wa zamani, unaachia na mnyama wa pembeni, badala yake unajigeuza kuanzia levo ya 1 kabisa, mara nyingi unavyotaka, ila maumbo ni matano tu, yanakuja kidogo kidogo mpaka levo ya 16, na ukiwa kwenye umbo hurushi uchawi, kile kipaji hakikusaidii. Umbo la kwanza linakuongezea 4 tu kwenye nguvu zako mwenyewe, kwahiyo kama ulijitengeneza legelege utakuwa mbwa mwitu legelege. Watu wengi waliudharau kwa sababu ukiuweka pembeni ya ule wa zamani ni mdogo mno, na kweli buibui wa darini hayumo humo. Mimi nauheshimu kuliko yote yaliyokuja baadae, na sio kwa sababu ni mdogo. Ni kwa sababu unakulazimisha uchague, sasa hivi wewe ni meno au wewe ni uchawi?

Ndo nachotaka kusema kwenye hii kesi. Shida sio dubu kuwa na nguvu, dubu ni dubu bana. Shida ni kugeuka bila kuacha kitu. Mwaka 2009 Pathfinder, mchezo mwingine uliojengwa juu ya ile tatu na nusu, wao walipunguza namba, badala ya kuchukua mwili wa mnyama unaongezewa tu juu ya wa kwako, ikawa nzuri ila kile kipaji cha kurusha uchawi ukiwa mnyama wakakiacha kibaki. Kitabu cha 2014 kikamkataza kurusha uchawi akiwa mnyama, safi kabisa, halafu kikampa magunia mawili ya uhai bure. Kile cha 2024 kikayaondoa magunia, sasa druidi anabaki na uhai wake mwenyewe na anapewa wa muda tu, sawa na levo yake, huyu wa Mwezi mara tatu, kwahiyo levo ya 3 anapata 9, halafu huku mlango wa nyuma wakamruhusu wa Mwezi kurusha baadhi ya uchawi akiwa mnyama. Yaani kila toleo linaziba tundu moja linatoboa lingine. Kitu kimoja cha 2024 nakisifu, unaorodhesha wanyama wako mapema, wanne mwanzoni, hatukai tena dakika kumi mtu anafungua mafaili kwenye simu kutafuta namba za mbuzi.

Sisi hatujahamia 2024, hatutaki kuanza upya katikati ya hadithi. Tulichofanya Jumamosi baada ya makelele ni hiki: wanyama wote wabaki, uhai wote wa dubu ubaki, ila kila ukijigeuza unachoma nafasi moja ya uchawi, yaani mara moja ambayo ungerusha uchawi. Levo ya 2 ana nafasi tatu. Dada akalalamika kwamba fighta hachomi kitu akishika panga, na hapo hana kosa, sina jibu zuri, labda kwamba fighta hana kingine cha kuchoma.

Tukaendelea. Dubu wa kwanza kaanguka, wa pili kaanguka, tukapumzika ile saa moja, dada kabaki na nafasi moja, na vita iliyofuata fighta yuko chini matopeni anarusha dadu za kuamua kama anakufa au anapona. Mlinzi wa mwisho wa maharamia tuliokuwa tunapigana nao bado yuko wima. Dada anaweza kuwa sokwe au anaweza kumponya mwenzake, hawezi vyote. Akakaa kimya kama dakika nzima, nadhani ni mara ya kwanza tangu tuanze nimemuona anafikiria. Akamponya, na fighta kainuka anauliza kama bado anadaiwa hela ya soda.