Nishani ya vita ikiharibika, adui wa kwanza sio fundi

Ukitamka tu kwamba unataka kupeleka nishani ya zamani kwa fundi, wakusanyaji wanakurukia, usiguse, iache na makovu yake ndio historia yenyewe. Na wana hoja, kovu likishafutwa limeenda, halafu kuna wahuni wanafuta jina la askari na kugonga la mwingine aliyekuwa kikosi maarufu zaidi. Hiyo ni kughushi, sina ubishi.

Ila naona tunaogopa kisichotudhuru sana. Chukua ile nishani ya fedha ya Waingereza ya vita ya 1914-1918, yenye kichwa cha mfalme George V upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Upana milimita 36 tu, na pale kwenye ukingo mwembamba ndio pamegongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Zilitolewa kwa mamilioni na zinafanana zote, kwa hiyo ukingo ukifutika umebaki na kipande cha fedha basi, na kipande cha fedha tunajua kinaishia wapi, 1980 bei ya fedha ilipopanda hadi karibu dola 50 kwa aunsi nyingi zilienda kuyeyushwa.

Sasa nani anaufuta huo ukingo? Mara nyingi ni yule ndugu mwenye nia njema na kitambaa na dawa ya kung'arishia, kila mwaka anasugua mpaka iwake, kila akisugua fedha kidogo inaondoka nayo, miaka ikipita unaiinamisha kwenye mwanga hivi na hivi ndo unaambulia herufi mbili tatu za jina. Huyo harukiwi na mtu, tena anasifiwa anajua kutunza!

Fundi mzuri hata kung'arisha hataki. Kishikio cha utepe kimelegea, anakikaza, kimekatika, anawaza kwanza alehemu na nini. Lehemu ya risasi (ile metali laini, sio ya bunduki) na bati inayeyuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, rahisi kweli, lakini risasi ikibaki pale na siku moja mtu mwingine akaipiga moto mkali inaila fedha na kuacha vishimo. Lehemu ya fedha inataka nyuzi 600 na zaidi, huo moto sio wa kujifunzia. Na zile zenye enameli ni balaa, enameli ya asili ni kioo kilichochomwa kwenye nyuzi kama 800, ukiirudisha motoni kuziba pengo moja unaweza kupasua yote iliyobaki, ndo maana wengi wanaziba kwa resini ya rangi ambayo kesho inaweza kutolewa. Utepe mpya unavishwa, wa zamani unawekwa kwenye bahasha, hautupwi (hapa ndipo wengi wanaharibu).

Na tusijifanye zilikuwa bikira. Nyingine zililehemiwa pini nyuma zamani hizo hizo ili zivaliwe kama bruchi, leo utamwambia nani ameharibu?

Mimi ukiniuzia iliyolehemiwa ukaniambia wazi imeguswa wapi, tunaelewana. Ukiniletea inayowaka kama kioo na ukingo mtupu, nakulipa kwa gramu.