Mwacheni Mkimya Auze

Kwenye semina za wajasiriamali hapa Tabora hakosekani mkufunzi wa kumsimamisha yule aliyekaa kiti cha nyuma. "Changamka! Biashara matangazo!" Anamlazimisha ajinadi mbele ya ukumbi, watu wanapiga makofi, na mama aliyefunga duka lake la asali siku nzima anarudi nyumbani akiamini ana kasoro. Linaniuma sana jambo hili. Tunawavunja moyo wafanyabiashara wazuri kwa kuwafundisha kuwa watu wengine.

Ukimya si woga. Carl Jung, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, alipoandika habari za watu wa aina hii mwaka 1921, alizungumzia nguvu za mtu zinaelekea wapi, ndani au nje. Mwoga anawaogopa watu. Mkimya anachoka nao, akipumzika anarudi mzima. Dawa zao haziwezi kuwa moja.

Na mkimya hapotezi fedha kwenye kuita wateja. Anapotezea kwenye bei. Mteja anauliza, "Mwisho shilingi ngapi?" Panapita kimya kidogo, na muuzaji, kwa hamu ya kuona mazungumzo yanaisha, anateremsha bei kabla hajaombwa mara ya pili. Akifanya hivyo kutwa nzima, jioni anahesabu mauzo mengi na faida haionekani.

Kwa hiyo bei iamuliwe usiku, ukiwa peke yako, kwa kalamu. Chukua ndoo ya lita 20. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4, hivyo ndoo hiyo imebeba kilo 28. Wengi wananunua kwa warina asali kwa kilo, wanakuja kuuza kwa lita wakihesabu lita kama kilo. Hapo kila ndoo umegawa kilo 8 bure. Ongeza nauli ya mzigo kutoka Sikonge, chupa za lita moja, vifuniko, lebo, pamoja na asali inayoganda kwenye kuta za ndoo na kitambaa cha kuchujia. Jumla yote igawe kwa chupa ulizozijaza kweli, wala si kwa zile 20 za kwenye karatasi. Ukishaipata gharama ya chupa moja, ndipo uweke faida juu yake.

Andika bei tatu: chupa moja, katoni ya chupa 12, ndoo nzima. Zibandike ukutani kwa herufi zinazosomeka toka mlangoni. Mteja akiomba apunguziwe, sema sentensi moja: "Chupa ni bei hiyo, ukichukua katoni inashuka mpaka hapa." Onyesha kwa kidole, kisha nyamaza. Usijieleze, usiombe radhi. Yule mchangamfu angeendelea kuongea mpaka ajipunguzie mwenyewe. Wewe kunyamaza umezaliwa nako, kutumie.

Madeni nayo yaandikwe: jina, simu, mzigo, kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi ya mkopaji. Siku 2 kabla ya tarehe, tuma ujumbe: "Shikamoo mama. Nakukumbusha hesabu ya katoni 2 za asali, malipo yake ni Ijumaa hii. Asante." Ikipita wiki bila jibu, piga simu, na mzigo mwingine usitoke. Kumwandikia mtu si kumvunjia heshima. Kumkwepa njiani kwa sababu unamdai, huko ndiko kunakovunja ujirani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kujifungia dukani hakufai. Mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, yenyewe haiishi kwa neno moja, na habari za mzigo na wanunuzi husafiri ndani ya salamu hizo. Hata maonyesho ya Nane Nane pale Ipuli ni lazima uende. Lakini nenda na mtu wako mchangamfu, mpwa au jirani: yeye aite watu, wewe ueleze. Kila baada ya saa 2, toka bandani dakika 20 ukakae mahali pasipo na kipaza sauti.

Kueleza ndiko mkimya anakowashinda wengi. Mteja akidai asali iliyoganda imetiwa sukari, mwambie taratibu kwamba asali halisi huganda, aiweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, itayeyuka. Akiuliza kwa nini ile aliyonunua kwingine ilitoa povu na kunuka uchachu, mweleze habari ya maji: asali iliyorinwa kabla masega hayajafunikwa na nyuki huwa na maji mengi, na yakizidi asilimia 20 huchacha kwa urahisi. Mwonyeshe kipimo chako cha maji ya asali, aone namba kwa macho yake. Mteja aliyeelezwa hivyo hurudi, tena huja na dada yake.

Nawaomba wakufunzi, semina ijayo mwacheni akae kiti chake cha nyuma. Mpeni mizani, karatasi na nusu saa ya kuipigia hesabu ndoo yake, halafu ndipo mmuulize bei.