Laptopu inayosema na nukta nundu: kipi kitangulie?

Wapo wanaosema mwanafunzi asiyeona apewe laptopu yenye kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, na mashine za nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole) ziende stoo. Si hoja ya kupuuza. Kisoma skrini cha JAWS ni ghali, ndiyo, lakini kingine, NVDA, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, hupakuliwa bure. Hata Windows ina Narrator yake: bonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja, itaanza kusema. Kitabu kinachojaza majuzuu kadhaa ya nukta nundu huwa faili moja, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaandika kazi yake na kuituma bila kumsubiri mwenzake amsomee.

Shida iko kwa watoto. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo sikio linasaidia. Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, na hapo “night” na “knight” vina sauti ileile. Aliyejifunza kwa kusikiliza tu atajuaje tahajia? Hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na za majedwali nazo zinachosha sana zikisomwa kwa sauti, mstari baada ya mstari. (Umeme ukikatika, betri nayo ina mwisho wake.) Ndiyo maana kwa shule kama Buigiri, shule ya msingi ya wasioona kule Chamwino, Dodoma, ningeacha nukta nundu itangulie madarasa ya chini, laptopu ije juu yake. Aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani ni habari nyingine: vidole vyake havijazoea nukta, aanze na laptopu.

Sauti pia ichaguliwe. NVDA huja na eSpeak, programu ya sauti yenye Kiswahili. Ni kavu kama roboti, ila “ng'ombe” anabaki ng'ombe; ukiiacha kwenye Kiingereza, ukurasa mzima unavurugika.

Lakini kinachowakwaza watu wazima zaidi, kwa maoni yangu, ni nyaraka zenyewe. Tangazo la kazi linachapwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, kisha linasambazwa. Kwa kisoma skrini hiyo ni picha tu. Kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na R huiamuru Windows itambue maandishi, na mara nyingi inaweza, isipokuwa muhuri ukiangukia juu ya tarehe ya mwisho. Afisa angehifadhi faili lake la Word moja kwa moja kuwa PDF, kazi ingekwisha bila shilingi ya ziada. Nakala yenye muhuri ibaki masjala.