Mama Mkwe Juu ya Chupa Tatu

Chanzo cha fedheha hii ni maganda ya nanasi. Kule Meksiko huyachachusha wakapata kinywaji chenye gesi kiitwacho tepache, nami nikaona hicho ndicho cha kumkaribishia mama mkwe Jumamosi akitoka kanisani. Mama mkwe ni Msabato hasa. Hata chai ya rangi hagusi.

Kazi yenyewe ni rahisi. Chukua nanasi lililoiva mpaka linanukia, lisuuze vumbi tu, usilisugue kwa sabuni, maana chachu yenyewe inaishi kwenye ganda. Jumanne usiku nilitia maganda na moyo wa nanasi kwenye ndoo safi, sukari guru gramu 200, kijiti cha mdalasini, karafuu nne na maji lita 2 yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Ukimwaga ya moto umeiua chachu. Nikafunika kwa kitambaa, si kifuniko, ili gesi itoke. Povu jeupe likija juu unaliengua. Ukiona manyoya ya kijani au meusi, mwaga yote.

Kwa joto la Mwanza siku mbili zinatosha. Alhamisi jioni nikachuja, nikaonja: utamu, uchachu kidogo, ulimi unawashwawashwa. Safi kabisa.

Sasa chupa. Mwenye akili hutumia chupa ya plastiki ya soda, aache nafasi ya vidole vitatu juu, kisha awe anaiminya. Ikiwa ngumu kama jiwe, inaingia kwenye friji, kwa sababu baridi huipunguza chachu kasi. Mimi nilitaka mezani papendeze. Nikatafuta chupa tatu za mvinyo, nikazibandua lebo (moja ikagoma, nikasema nani ataiona), nikajaza mbili mpaka shingoni, ya tatu ikaishia nusu, nikagongelea vizibo. Ijumaa asubuhi zote zikalala kwenye friji.

Jioni mke wangu akarudi kutoka Mwaloni na sato sita wa kumpikia mama yake. Friji yetu ni ndogo. Chupa zikahamia chini ya kochi, "kwa muda tu, Baba Esta." Mimi huyo, nikaanza kuparua samaki.

Jumamosi saa saba mchana mama mkwe akakaa kwenye kochi lile lile. Sato wa nazi mezani, ugali unafuka moshi. Akafumba macho kuombea chakula. Alipofika kwenye "na mikono iliyoandaa", ikalia paa! Kizibo kikagonga mguu wa meza. Maombi yakaongezeka mwendo. Paa! ya pili, na mto mtamu ukapita katikati ya viatu vyake vya kanisani.

"Amina," akasema, macho bado kayafumba. "Mkwe, ni nini hicho?"

"Juisi ya nanasi, mama."

Akainama, akaivuta chupa moja. Ni ile yenye lebo iliyogoma. Akaisogeza mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Juisi yako ina asilimia kumi na mbili?"

Nikaanza kumweleza kwamba hiyo ni ya mwenye chupa, yangu kilevi chake ni kidogo sana. Mke wangu akanikanyaga. Tayari nilikuwa nimesema "kilevi".

Chupa ya tatu haikulipuka, kwa kuwa nusu yake ilikuwa tupu na gesi ilikuwa na pa kukaa. Nikaifunga taulo bichi, nikaitoa nje kwa hatua za mwenye kubeba mayai, nikaiacha kivulini kwenye mawe nyuma ya nyumba. Vizibo navyo viliniokoa: kifuniko cha kukaza kingegoma kutoka, na kioo ndicho kingepasuka.

Nikiwa bado nimeinama pale nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Shemeji, bado na tai yake ya kanisani.

"Shem," akanong'ona, "yale maganda umeyatupa, au yanaweza kurudiwa?"

Yanarudiwa mara moja. Unaongeza sukari.